Mwano wa Kisimani

Mimi ni mwoga na sioni haya kulisema. Naogopa radi, naogopa nyoka, naogopa hata dume la ng'ombe lililofungwa kamba. Lakini hakuna kitu ninachokiogopa kama mwano.

Mwano ni ukelele wetu Wasukuma, na haupigwi ovyo. Nyumba ikiungua unaita majirani. Mtoto akipotea unaulizia njiani. Mwano ni wa ng'ombe walioibwa na wa mtu anayeuawa, basi. Ukishapigwa, kila mwanamume anayeusikia anaacha jembe pale pale, anachukua fimbo au upinde na kukimbilia ulikotokea, na huku anakimbia anaupokeza kwa wa mbele yake. Asiyekwenda anatozwa ng'ombe. Aliyeupiga bure anatengwa na kijiji: hasalimiwi, haalikwi, hapewi hata kaa la moto la kupikia. Watoto wetu wanalijua hilo kabla hawajajua kufunga vifungo vya shati.

Kabula aliupiga kwa sababu ya maji.

Huyo Kabula ndiye mwenyekiti wa kamati ya maji ya kitongoji chetu cha Igobe, kwenye njia ya kwenda Bukundi. Mimi Jenifer ni katibu wake. Kamati ni ya wanawake watupu, kwa maana wanaume walipogundua kwamba kazi yenyewe ni kukata miiba na kugombana na wenye mifugo, kila mmoja alikumbuka ana shughuli nyingine.

Kisima chetu ni shimo la mchangani. Mto wenyewe hauna maji juu ila siku za mvua kubwa. Siku zilizobaki unafukua mchanga mpaka maji yatoke chini polepole, baridi, na unachota kwa kata. Tulikizungushia matawi ya miiba ng'ombe wasiingie, na ng'ombe tuliwaweza. Waliotushinda ni wenye mabomba ya kupulizia dawa. Huku sote tunalima pamba, na pamba isipopuliziwa inaliwa na wadudu. Mpuliziaji anataka maji ya kuchanganyia dawa, basi anakuja kisimani, anachanganya, anakwenda kupulizia, halafu anarudi kuliosha bomba pale pale, na mabaki yanaingia humo tunamochota maji ya uji.

Mwaka huu mvua zilikata mapema na kisima kikapungua. Watoto wakaanza kuugua. Walitapika, wakatokwa na mate kama ndama, wakatetemeka. Mjukuu wa Luhaga, kamanda wetu wa sungusungu, walinzi wa kijiji, alianza asubuhi, na jua lilipoelekea kuzama walikuwa wanamchimbia kaburi. Aliitwa Thomasi, mtoto mtundu, alikuwa akipita kwangu kuniibia karanga. Nililia sana.

Luhaga akaenda kwa mganga ng'ambo ya mto, akarudi na jibu: kuna mtu anatia dawa kisimani.

Sasa Kabula naye alikuwa akisema hivyo hivyo tangu mwaka jana, kwamba kuna watu wanatia dawa kisimani, na hapo ndipo penye balaa lote. Kwetu dawa ya pamba ni dawa. Dawa ya kuloga ni dawa. Kisukuma nacho hakitusaidii, zote mbili kinaziita bugota. Bwana Lusajo, afisa kilimo wetu aliyetokea Mbeya, aliiona hatari hiyo akatushauri tuseme "viuatilifu." Tulijaribu kweli. Lakini mpaka umalize kulitamka, mwenye bomba ameshaosha, ameshavaa viatu vyake na ameshafika kwake.

Mwenyekiti wa kijiji naye akatuchoka. "Nileteeni mtu," alituambia. "Maneno ninayo ya kutosha. Nataka mtu na bomba lake, mikono ikiwa bado imelowa."

Kabula aliondoka pale ofisini amekaza meno. Alikuwa na watoto wadogo wawili, na kila walipokunywa maji alikuwa anawatazama midomo.

Siku yenyewe tulikwenda, yeye na mimi, kuziba pengo kwenye uzio. Jua lilikuwa la utosini na mchanga unaunguza mpaka ndani ya kandambili. Tulipofika ukingoni tukamwona. Amevaa koti refu la kiume na kofia ya pama, kitambaa amejifunga usoni kama wafanyavyo wapuliziaji, ameinama kisimani. Bomba lilikuwa wazi kando yake, na maji aliyokuwa akiyamwaga kutoka ndani yalikuwa meupe kama maziwa yaliyotiwa maji.

Nilimsikia Kabula akivuta pumzi. Nilimshika mkono.

"Dada, tumwite tu," nilimwambia.

"Tumwite akimbie kama wale wengine? Leo hapana."

Akaweka kiganja mdomoni akapiga mwano.

Sijawahi kuusikia kwa karibu namna ile. Ulinipita mwilini. Na katikati ya ukelele akatia neno alilonyonya kwa mama yake, maana mtu akiwa na hasira hakumbuki maneno ya ofisini: "Bugota! Bugota kisimani! Mwano!"

Kukawa kimya kidogo. Kisha ukajibiwa kule mlimani, sauti ya mwanamume. Ukajibiwa mbugani, wakaupokea wengine wa mbali ambao hata sikuwajua ni wa kitongoji gani, halafu zikaanza filimbi. Filimbi za sungusungu ninazijua, nimezisikia tangu mdogo, na hazijawahi kuleta habari njema.

Yule mtu wa kisimani akanyooka taratibu, mkono kiunoni. Akavua kofia, akashusha kitambaa.

Alikuwa Nyanjige.

Nyanjige ni mjane wa marehemu Kasmiri, na lile koti lilikuwa la Kasmiri. Anaishi peke yake, analima peke yake, anapulizia peke yake, kwa sababu hana wa kumpulizia. Macho yake ni mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi. Huku kwetu bibi mpweke mwenye macho mekundu huitwa mchawi kwa jambo dogo sana, na akishaitwa hivyo mbele ya watu wenye fimbo, hana siku nyingi. Na sisi tulikuwa tumewaita watu wenye fimbo, tukawaambia kuna bugota, na wakija watamkuta yeye.

"Kuna nini, ng'wanone?" alimuuliza Kabula, kwa sauti ya mama anayemwita mwanawe. "Ng'ombe wa nani wameibwa?"

Kabula alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Akaitoa.

"Mayu," alisema, kama anamwita mama yake. "Mayu, ondoka. Kimbia."

"Nikimbie na mguu upi?" Nyanjige alionyesha goti lake lililovimba. "Na nimekosa nini? Naosha bomba tu. Kila mtu anaosha hapa."

"Asikimbie!" nilisema mimi. "Anayekimbia mwano ndiye anayepigwa."

Filimbi zilikuwa zimekaribia. Tulimrukia yule mama kama wezi. Kabula alimvua koti, mimi nikalikokota bomba mpaka kwenye uzio, nikalisukumia chini ya miiba, nikalifunika kwa kitenge changu. Miiba ilinichana mikono wala sikuisikia. Kichupa cha dawa kilichokuwa mchangani nilikifutika kiunoni, ndani ya khanga. Harufu yake ilinikaba koo. Msimu mzima tulikuwa tunatafuta bomba moja la ushahidi, na tulipolipata tukalificha wenyewe.

Wakatokea. Waliteremka kingo zote mbili za mto kwa pamoja, vumbi limewatangulia, na wengine walikuwa na mishale tayari kwenye upinde. Mbele yao Luhaga, filimbi shingoni, fimbo mkononi. Tangu amzike mjukuu wake alikuwa hanyoi wala hali vizuri, na uso wake ulikuwa umebaki mifupa.

Hakusalimia. "Nani?" aliuliza.

Akamgeukia Kabula.

"Kabula. Umesema bugota. Nimeisikia mwenyewe kutoka shambani. Nani?"

Na Nyanjige, Mungu amsaidie, hajui kusema uongo. Alijifuta mikono kwenye gauni, akajibu kwa kuudhika kidogo, kama mtu aliyeulizwa mambo ya kwake. "Kama mnauliza dawa, ilikuwa yangu. Nimeosha kidogo tu. Kwani vipi?"

Ule mguno walioutoa wale wanaume bado ninausikia nikiwa nasaga unga, nikiwa kanisani, popote. Fimbo ya kwanza ilimpata begani. Hakulia, alikaa tu chini mchangani, akaanza kupapasa kutafuta kitambaa chake kilichodondoka. Mtu akasema, "Ndiye!" Mwingine nyuma, ambaye sitaki hata kumkumbuka sura, akasema yaletwe majani makavu ya kumchomea.

"Viuatilifu!" nilipiga kelele. "Ni viuatilifu, jamani!"

Ndiyo, nililisema. Kwa mara ya kwanza nililisema lote bila kujikwaa, na hakuna hata mmoja aliyegeuka.

Nilimtazama Kabula. Angeweza kusema ni ya pamba. Alikuwa amelisema hilo mwaka mzima, kanisani, gulioni, kwenye mikutano ya kijiji, na hakuna aliyemsikiliza. Sasa wangemsikiliza wakiwa na fimbo zimeinuliwa? Nilimwona akimtazama Luhaga, akimtazama yule mama aliyekaa chini. Kisha akafanya kitu ambacho nikikikumbuka nywele zinanisimama. Alicheka.

"Jamani, jamani!" alisema, akapita katikati yao akasimama mbele ya Nyanjige. "Nimewasumbua bure. Dawa aliyotia mayu ni ile ya zahanati! Ya kusafishia maji! Mimi mwenyewe nilimpa aje aitie, halafu nikasahau. Nimeona koti la kiume kwa mbali, nikapandwa na wazimu."

Fimbo zikasimama hewani.

Luhaga alimtazama. Kisha akanigeukia mimi. "Wewe katibu. Ni kweli?"

Kile kichupa kiunoni kilikuwa kinavuja. Nilihisi unyevu unashuka pajani, na nilikuwa na hakika kila mtu anaunusa.

"Kweli, baba," nilisema. "Ya kusafisha maji."

"Na wewe mama, ndiyo hiyo?"

Nyanjige alifungua mdomo. Kabula alimkanyaga vidole vya mguu, nilimwona. Yule mama akamtazama, akatutazama sote, na nadhani hapo ndipo alipoanza kuelewa ni nini kilichokuwa kimemsimamia kichwani. Akaitikia kwa kichwa.

Luhaga si mtu mbaya, nalisema hilo ingawa siku ile nilimwogopa kuliko shetani. Alishusha fimbo yake. Akawaambia wenzake wamwinue yule mama, na walipositasita akamwinua mwenyewe.

"Kama ni ya kusafisha maji," alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "nitakunywa mimi kwanza. Nikishakunywa, hakuna wa kumgusa mama huyu, leo wala kesho."

Akaiangua kata iliyoning'inia kwenye miiba.

Nyuma yake wale wanaume walikuwa wamekimbia kutoka mbali kwenye jua lile, jasho linawatiririka, na wengi walikuwa wameshaanza kusogea kisimani kusubiri zamu. Kulikuwa na baba zetu pale. Kulikuwa na kaka yangu wa kuzaliwa, anapumua kwa mdomo. Kumwambia Luhaga asinywe ni kumrudisha Nyanjige chini ya fimbo. Kunyamaza ni kuwaangalia wakinywa. Luhaga akapiga goti, na kata ikazama.

Kabula akarukia ndani ya kisima.

Kisima cha mchangani hakina ukuta. Kinasimama kwa sababu tu hakuna anayekanyaga kingo zake, na tulikuwa tumewachapa watoto wetu wenyewe kwa kuzikanyaga. Yeye alizipiga teke. Alizibomoa kwa magoti, akazikumba kwa mikono, mchanga ukaporomoka upande huu na upande ule, ukanywa maji yote, ukamfunika mpaka mapajani. Hata pumzi mbili hazikupita, palipokuwa na kisima pakabaki mchanga uliolowa na mwanamke amesimama katikati yake.

Sijui nieleze vipi kelele za pale. Kuharibu maji ya watu katika kiangazi kama kile ni kosa ambalo hatuna hata jina lake. Walimvuta kwa blauzi ikachanika. Mmoja alimpiga kofi, damu ikamtoka mdomoni. Walimuuliza kama amerukwa na akili, kama ametumwa, na yeye hakujibu kitu, macho yake yako kwa Luhaga tu.

Kwa sababu Luhaga alikuwa bado na kata mkononi, na ilikuwa imejaa.

Aliinyanyua. Kabula alitikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayemfukuza nzi. Kata ilifika kwenye ndevu zake ikasimama. Nikaona pua yake ikitanuka.

Nani huku asiyeijua harufu ile? Tunalala nayo, iko kwenye nguo za waume zetu. Luhaga alinusa mara ya pili. Akamtazama Kabula. Akanitazama mimi na lile doa kwenye khanga yangu, kisha akaangalia kwenye uzio, ambako mkanda wa bomba ulikuwa umechomoza chini ya kitenge. Alijua. Nikajiambia kwamba sasa atasema neno moja tu, na hatutatoka mtoni humu hata mmoja wetu, si Nyanjige, si Kabula, si mimi. Nilianza kusali nikasahau maneno.

Aliimwaga kata mchangani, taratibu, mpaka tone la mwisho.

"Mwacheni!" aliwaambia waliomshika Kabula. "Kabula amepiga mwano wa bure na amezika maji ya watu. Ametengwa. Asisalimiwe, asialikwe, asipewe moto. Mama huyu hana kosa. Atakayemgusa atakuwa amenigusa mimi. Rudini makwenu."

Walinung'unika. Kuna waliosema kutengwa hakutoshi, na mmoja alimtemea Kabula mate alipopita. Lakini kamanda alikuwa amesema, na wakaondoka kwa makundi, wakipandisha ukingo huku wakigeuka kutuangalia. Nyanjige aliondoka nao akichechemea, ameshikwa mkono na kaka yangu. Mimi nilibaki na Kabula.

Luhaga hakuondoka. Alichuchumaa mbele ya mchanga ule, kata tupu imelala magotini. Kabula alikuwa bado amezama, anajichomoa mguu mmoja mmoja.

"Ni ya pamba," Luhaga alisema. Hakuwa anauliza.

"Ni ya pamba, baba."

"Hii hii tunayopulizia sote?"

"Hii hii."

Aliigeuza mikono yake, akaitazama viganjani, kisha kwa juu. Fimbo ilikuwa imelala kando yake, karibu tu, na mimi bado nilikuwa naiangalia fimbo.

"Kabula," alisema. "Jioni ile uliponikuta hapa naosha bomba. Ukanikataza, nami nikakwambia uniondolee kelele."

"Ndiyo, baba."

"Kesho yake ndiyo mtoto aliamka anatapika." Aliiweka kata mchangani. "Mkamwana wangu alikuja jioni hiyo kuchota maji ya uji wa mtoto. Wewe ulikuwa hapa. Alichota kabla sijaosha, au baada?"

Alichota baada. Kabula alinisimulia mwenyewe, siku ile ile, jinsi alivyopishana na yule binti akiteremka mtoni na ndoo tupu kichwani, na Luhaga ameshapanda ukingo na bomba lake mgongoni, linadondosha maji.

Kabula alijifuta damu mdomoni kwa upande wa mkono. Alimtazama machoni.

"Kabla, baba," alimwambia. "Alichota kabla."